Valvu Arobaini na Sita za Mzee Maundu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Naandika shajara hii kwa sababu moja tu: siku nitakapokuwa mkurugenzi, sitaki kuhangaika kutafuta ushahidi wa jinsi nilivyofika huko. Mkufunzi mmoja alituambia chuoni kwamba afisa asiyeandika hajifunzi. Mimi nitaandika.

Hali ilivyo. Jina, Morris Nzau. Umri, miaka ishirini na minne. Shahada ya Usimamizi, daraja la pili la juu. Cheo, Afisa wa Maarifa, Mipango na Mabadiliko katika mradi wa maji wa jamii hapa Voi. Niko kwenye muda wa majaribio, unaoisha tarehe thelathini mwezi huu. Meza yangu naitumia pamoja na maboksi kumi na mawili ya mita mbovu. Nimeyapanga kwa ukubwa.

Leo meneja wetu, Madam Tryphena, aliniita ofisini kwake. Mzee Maundu, fundi wa valvu, anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo baada ya miaka thelathini na minne. Valvu ni zile koki kubwa za chuma zilizofukiwa chini ya barabara. Mtaa mmoja ukipewa maji, mwingine hufungiwa, na anayefungua na kufunga ni yeye, kwa ufunguo wa chuma unaomfika kifuani. Ziko arobaini na sita. Ramani hakuna. Iliyokuwepo ililiwa na mchwa kabla sijazaliwa.

Madam alisema, kwa ule utulivu wake unaotisha, kwamba mabomba ya mji huu yamo ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho kinahamia shambani Mraru, ambako simu haishiki mpaka mtu apande juu ya kichuguu. Nikiyahamisha maarifa hayo kwenye karatasi, atatia sahihi barua ya kunithibitisha kazini. Nisipoyahamisha... Hapo alifungua faili nyingine.

Nimeshabuni Fomu ya Uvunaji wa Maarifa. Kurasa tisa. Nimelala kwa furaha saa tatu.

Jumanne, 9 Septemba

Kikao cha kwanza. Nilimwekea Mzee Maundu kiti, chupa ya maji na kalamu mpya. Nilivaa tai. Swali la kwanza: taja mahali ilipo valvu nambari moja.

Akatazama dari. Akatazama kalamu. Akasema kwamba akikaa, hazionekani. Kisha akasimama, akaugeuza mwili taratibu mpaka uso ukaelekea upande wa vilima vya Ndara, akanyoosha mkono kati ya kalenda na kabati, na kusema iko pale kwa yule mama aliyekuwa akiuza mitungi. Niliuliza ni mama gani. Alihama. Lini? Mwaka wa ile mvua kubwa.

Fomu haina nafasi ya mvua.

Saa mbili nzima, valvu tatu. Kwa mwendo huo tutahitaji saa thelathini na moja, na tai inakaba.

Shanice alikuwa mlangoni akila njugu. Huyu ni msomaji wa mita, msichana wa Wundanyi, aliyeajiriwa mwaka jana na tayari anaitwa kila mahali kwa jina. Alisema, mbele ya mzee, “Morris, huyu hakai, huyu anatembea. Si utembee na yeye?” Nilimfahamisha kwamba kutembea si mbinu ya utafiti. Akajibu kwamba anaona ni viatu ndivyo vimekataa.

Shanice ana daftari la shule lenye picha ya twiga kwenye jalada. Mzee akipumzika ofisini, yeye huandika humo kila anachosema, kama kinavyotoka mdomoni, bila safu, bila vichwa, bila nambari za kurasa. Inasikitisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimekubali kutembea. Si kwa sababu ya Shanice. Nimeuita Ukaguzi Shirikishi wa Miundombinu.

Nilidhani tungetoka valvu moja hadi nyingine. La. Mzee Maundu hapiti mlango wa mtu bila kubisha hodi. Anasema ukifukua mbele ya nyumba ya mtu hujamsalimia, siku ya pili utakuta amemwaga kokoto juu. Kwa hiyo tunasalimia. Tukisalimia, tunakaribishwa. Tukikaribishwa, kuna chai. Nilijaribu kukataa kwa Mama Ndunge, mwenye kibanda cha chakula nyuma ya soko, nikisema tuko kazini. Aliniuliza kama chai yake ni likizo.

Jioni hii nina valvu kumi na nane na vikombe saba. Kila tulipoketi nilifungua simu, nikaweka alama ya mahali kwenye ramani. Nikiwa nimesimama juani kioo hakionekani, tena mzee hangoji mtu. Kwenye kiti mambo huenda vizuri.

Tatizo ni lugha yake. Valvu ya nne iko “pale Mwangangi alikuwa anapiga picha.” Mwangangi hapigi picha tena; pale sasa ni pa kuoshea magari. Lakini nilisimama kidogo. Nilipigwa picha pale nilipomaliza shule ya chekechea, nimevaa joho la kitambaa cha pazia, nyuma yangu ndege iliyochorwa ukutani ikiwa na madirisha matano upande mmoja na manne upande mwingine. Ya tisa iko “kwa kinu cha posho.” Kinu hakipo. Mzee aliweka mkono sikioni, akasema saa kama hii kilikuwa kinalia, na mtu ukitoka hapo nywele zimekuwa nyeupe mpaka mke anakuamkia shikamoo. Ya kumi na mbili ni “lango la ng’ombe,” ambapo mifugo ya Ndara ilivushwa Jumatano ikipelekwa mnadani, na watoto tulipanda ukutani kuhesabu pembe. Hakuna lango. Hakuna ukuta. Kuna bango la nyumba za kupangisha.

Niliandika yote. Mzee alitembea mji ambao mimi pia niliwahi kuishi, na kwa dakika chache nilisahau fomu.

Kwenye valvu ya kumi na saba hakusimama hata kidogo. Alipita tu, akaelekeza kidevu upande wa yale majengo mapya. “Hii ni ya kwa babako. Hiyo siwezi kukuonyesha, utakuwa unanicheka.” Tukaendelea hadi kwa Mama Ndunge. Niliweka alama hapo.

Baba yangu alitengeneza redio. Watu walimwita Nzau wa redio, kana kwamba ni ukoo. Redio iliyopona hakuizima. Aliiacha ikisema mpaka mwenyewe aje aichukue, kwa hiyo siku njema kulikuwa na redio tisa au kumi zikisoma habari kwa pamoja, kila moja na mkwaruzo wake. Barabara ilipopanuliwa kibanda kilivunjwa. Miaka miwili baadaye naye akatutoka.

Hili si la rejista. Nimeliandika huku.

Jumatatu, 15 Septemba

Rejista imekamilika! Valvu zote arobaini na sita. Ijumaa na Jumamosi tulimalizia zilizobaki, chai ikiwa kwa wenyeji walewale.

Nimefanya uamuzi wa kitaalamu. Nilipopitia maelezo ya Mzee Maundu, niligundua kwamba alama thelathini na moja anazozitaja hazipo duniani. Mama wa mitungi, Mwangangi, kinu, lango. Waraka wa kisasa hauwezi kumwelekeza mfanyakazi kwenye kitu kilichobomolewa. Kwa hiyo nimefuta zote. Kila valvu sasa ina msimbo, V-01 hadi V-46, na alama ya ramani ya simu. Safi. Inapendeza macho.

Kwenye nambari kumi na saba nilisita. “Kwa Nzau wa redio.” Kanuni ikishavunjwa mara moja si kanuni tena. Nilifuta. Kisha nikatoka nje kidogo, kwa sababu ofisi ilikuwa na joto.

Uchambuzi umeleta matokeo ya kustaajabisha: valvu zetu zote ziko katika makundi saba. Kundi moja lina valvu kumi na moja mahali pamoja kabisa. Mhandisi yeyote aliyebuni mtandao huu alikuwa na fikra zisizo za kawaida. Nimependekeza utafiti zaidi, nikiuongoza mimi.

Shanice aliniomba asome rejista. Aliuliza kwa nini V-14 hadi V-24 ziko kwa Mama Ndunge. Nilimweleza dhana ya makundi. Aliniuliza huko nilikunywa chai ngapi. Wivu wa kikazi una sura nyingi.

Ijumaa, 19 Septemba

Sherehe ya kumuaga Mzee Maundu. Keki yenye umbo la mfereji. Sala, wimbo, pilau.

Niliwasilisha slaidi thelathini na nane kuhusu uhamishaji wa maarifa. Umeme ulipotea kwenye slaidi ya sita, nikaendelea kwa mdomo. Kisha nikamkabidhi mzee nakala ya kwanza ya rejista, jalada la buluu, jina lake kwa herufi za dhahabu.

Alivaa miwani. Akafungua. Alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye orodha. Akauliza kwa Nzau ni ukurasa gani. Nilimweleza kwamba ni V-17. Akauliza Mwangangi naye amekuwa nani. V-04. Alifunga jalada, akalipapasa, na kusema, “Wameshona vizuri.” Nadhani aliguswa.

Halafu, mbele ya watu wote, ule ufunguo mrefu wa chuma alimpa Shanice.

Shanice! Hana hata stashahada ya mipango. Mzee alisema huyo ana miguu. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, mara tatu, kwa mujibu wa adabu. Kisha mzee alinishika bega, akasema baba yangu alikuwa mtu wa kusikiliza sana. Redio ikiletwa alikuwa haifungui kwanza, anaisikiliza. Nilimshukuru. Nimetafakari uhusiano wa jambo hilo na mada ya leo, sikuupata.

Madam alisema barua yangu iko tayari. Atatia sahihi wiki ijayo, baada ya kuona rejista ikitumika.

Jumanne, 23 Septemba

Imetumika.

Saa nne asubuhi bomba kubwa lilipasuka karibu na soko. Maji yaliruka juu ya vibanda. Nyanya zilikuwa zikielea barabarani. Shule iliyo chini ya mteremko ilianza kuingiwa na maji, na walimu wakawa wanapandisha watoto wa darasa la kwanza juu ya madawati. Simu ya Mzee Maundu haikupatikana. Hakuwa juu ya kichuguu.

Madam aliniambia nifungue rejista. Huu ndio wakati niliokuwa nikiusubiri. Bomba hilo hufungwa kwa V-17. Nilitoa simu, nikatangulia. Nyuma yangu Madam, kisha Shanice na ufunguo begani, kisha mafundi wawili na sururu. Tulitembea kwa kasi. Ramani ilisema kushoto. Kisha moja kwa moja. Kisha ikasema tumefika.

Tulikuwa jikoni kwa Mama Ndunge.

Fundi mmoja aliinua sururu, akatazama sakafu, akaniuliza tuchimbe chini ya sufuria ipi. Mama Ndunge alituangalia, akauliza Mzee Maundu tumemwacha wapi, na kama tunakunywa na maziwa au kavu.  Madam Tryphena alitazama rejista, akatazama viti, akatazama kikombe alichowekewa mbele yake, na nikaona ameelewa makundi yote saba kwa wakati mmoja.

Shanice akatoa daftari la twiga. Akasoma: kumi na saba, kwa Nzau wa redio, chini ya kiti cha mtoto. Akasema maneno anayo ila mahali hapajui. Kibanda hicho kilibomolewa kabla hajashuka Voi. Akauliza nani anamjua huyo Nzau wa redio.

Mama Ndunge akanielekezea upawa. “Si ni baba ya huyu?”

Wote wakageuka.

Sijui nilifikaje huko. Sikutazama simu. Nilisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, penye matofali mapya ya njia ya miguu, nikafumba macho. Mlango wa kibanda ulitazama upande lilikokuwa lango la ng’ombe. Meza ya baba ilikuwa kulia, kwa ajili ya mwanga. Mimi nilikaa kushoto, nje, hatua tano kutoka mlangoni, juu ya mfuniko wa chuma. Baba alinipa pahali hapo ili nisiguse chuma chake cha moto cha kulehemu. Asubuhi mfuniko ulikuwa baridi. Saa saba, habari zikianza kusomwa na redio zote kwa pamoja, ulikuwa umepata joto, na chini yake, nikilaza sikio, nilisikia maji yakipita. Nilikuwa namwambia baba kwamba hiyo ni redio ya kumi na moja. Alikuwa akiacha kazi, anakuja, anachuchumaa, naye analaza sikio.

Nilihesabu hatua tano. Nikakumbuka kwamba zilikuwa hatua za mtoto. Nikarudi nyuma mbili.

Nilisema wachimbe hapo.

Pigo la nne la sururu liligonga chuma. Shanice alipangusa udongo kwa kiganja. Ukingoni mwa mfuniko kulikuwa na tone la lehemu, bapa, lenye ncha tano hivi. Siku moja niliomba nyota, na baba akanidondoshea. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Shanice aliitazama, akanitazama. Aliingiza ufunguo, akauzungusha. Polepole, kule sokoni, maji yakainama.

Niliinama nami, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Nimeandika taarifa ya tukio mara tu niliporudi ofisini. Muhtasari: V-17 ilipatikana ndani ya dakika arobaini kwa kutumia rasilimali ya ndani ya taasisi. Mfumo wa misimbo ulithibitisha uimara wake.

Alhamisi, 25 Septemba

Madam Tryphena ameniita. Barua ilikuwa mezani. Haina sahihi.

Amesema muda wangu wa majaribio umeongezwa mwezi mmoja. Katika mwezi huo nitapita valvu zote arobaini na sita upya, na Mzee Maundu, ambaye amekubali kushuka kutoka Mraru kila Jumamosi. Kila jina nililofuta nirudishe. Shanice amekuwa msimamizi wa valvu, nami nitamkabidhi yeye kazi yangu. Nilimuuliza Madam kama kwa maneno mengine amenipandisha hadhi hadi kiwango cha mradi maalumu. Alivua miwani, akasugua macho, akasema akipenda mtu anaweza kuliona hivyo.

Naliona hivyo.

Shanice alikuja mezani, akasukuma boksi moja la mita, akaketi. Alisema nisikasirike. Akaweka daftari la twiga mbele yangu, amefungua ukurasa mtupu, akaniomba nimwandikie za kwa baba: zile redio, ule mfuniko, habari za saa saba. Akasema Mzee akishachoka kushuka, hayo atayapata kwa nani. Lilikuwa ombi zuri. Nilishika kalamu. Niliandika mstari mmoja, kisha nikaona hatari ya kukusanya taarifa bila utaratibu, nikamrudishia daftari na kumwahidi fomu.

Nimekaa nayo mchana wote. Nimechunguza kwa makini kilichokosewa, na nimeridhika kwamba nimekipata. Fomu haikuwa na safu ya chai. Fomu mpya ina kurasa kumi na nne, na sehemu nzima ya Viburudisho, kuonyesha kwa kila valvu umbali kati ya kikombe na mfuniko. Majina ya zamani nitayarejesha kama nilivyoagizwa, kwenye kiambatisho, kila moja na msimbo wake. Mama wa mitungi, M-01. Baba, M-17.

Nimemwandikia Mzee Maundu ujumbe rasmi kumwalika kwenye Ukaguzi Shirikishi, Awamu ya Pili, tuanzie V-17.

Alijibu baada ya saa moja. Bila shaka alikuwa juu ya kichuguu. Alisema amefurahi, atakuja na viatu vizuri, ila hapo mahali nilipotaja hapajui.

Nimemjibu kwamba atazame rejista. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.